Waifai ya meshi inakata kila jioni, rauta mama haina neno. Naomba msaada wakuu

Mkaazi wa Bondeni
Habari za jioni wakuu.

Nipo Kinyerezi, nyumba ya ghorofa moja, tofali za saruji na zege katikati. Mwishoni mwa mwaka jana niliachana na rauta ya kawaida nikanunua meshi, yaani waifai inayorushwa na vipande vitatu vinavyopokezana: rauta mama na "watoto" wake wawili. Rauta mama ipo sebuleni chini, imechomekwa kwenye kisanduku cha faiba. Mtoto wa kwanza yupo koridoni karibu na ngazi. Mtoto wa pili yupo juu, kwenye kile kisebule ambako watoto wanaangalia TV na mimi nina meza yangu ya kazi. Vyote vinaongea hewani, hakuna waya kati yao.

Miezi mitatu ya kwanza ilikuwa raha mustarehe. Sasa ni wiki ya tatu nateseka. Mchana hakuna shida. Ikifika saa 1 jioni hadi saa 4 usiku vinaanza vituko: alama ya waifai inapotea kwenye simu, inakaa kama dakika mbili, inarudi. Baada ya nusu saa inapotea tena. Juzi nilikuwa kwenye kikao na wateja wa Kigali, ikanikata mara nne. Mara ya nne narudi nakuta wameshaagana.

Nilichofanya mpaka sasa: nimezima na kuwasha, nimefuta mipangilio yote na kuanza upya, nimebadili nywila nikidhani kuna mtu ananinyonya, nimewapigia watoa huduma mara tatu. Kila mara naambiwa nizime, nihesabu mpaka thelathini, niwashe. Nimehesabu mpaka mwanangu wa chekechea naye anaijua thelathini.

Nipo mbioni kuviuza vyote.

Jirani Mkorofi
Mkuu hiyo siku uliyobadili nywila ni sisi tulioumia, lakini hatukusema kitu.

Mzee Kandambili
Mwanangu, hizo ni nyaya za baharini. Umesahau Mei 2024, EASSy na Seacom zilipokatika siku moja? Nchi nzima tulikaa tunaangaliana. Tulia, zitaungwa.

Fundi Koleo
Shikamoo mzee. Waya wa baharini ukikatika hauna saa za kazi, wala haumruki wa chini ukamkata wa juu.

Mkuu mwenye uzi, swali moja kabla watu hawajakuuzia vitu: ikikata huko juu, aliyekaa chini karibu na rauta mama anaendelea kupata?

Mkaazi wa Bondeni
Sikuwahi kuchunguza. Nimemuuliza mama watoto sasa hivi, yeye jioni huwa chini. Anasema hajawahi kukatiwa hata siku moja, "ni wewe na vidude vyako."

Fundi Koleo
Basi ameshafanya nusu ya kazi. Mpe pole na ahsante.

Waya Uchi
Tatizo ni teknolojia ya zamani. Uza, chukua waifai 7, lile toleo jipya, utasahau shida zote.

BintiMakorora
@Waya Uchi mtu anaumwa jino unamwambia ahame nyumba.

Kaka mwenye uzi, leo usibadili kitu chochote. Ukigusa mambo matatu kwa mpigo, ikipona hutajua kilichoponya, na ikirudi utaanza moja. Kutoka simu yako mpaka duniani kuna mikono minne inayopokezana: simu kwenda kwa mtoto wa juu, mtoto kwenda kwa mama, mama kwenda kwenye kisanduku cha faiba, faiba kwenda kwa mtoa huduma. Ukisema "waifai imekata" ni sawa na kwenda zahanati ukasema "naumwa" halafu ukanyamaza. Tunatafuta mkono uliodondosha.

Fanya hivi. Chukua kompyuta, ichomeke kwenye rauta mama kwa WAYA. Hewani hapana, kwa waya. Fungua kile kidirisha cheusi cha CMD mara tatu, uvipange vionekane vyote. Cha kwanza andika ping -t (amri ya kukiita kifaa mfululizo uone kama kinaitika) halafu anwani ya rauta mama, kwa mfano 192.168.0.1 (yako iangalie kwenye programu ya meshi). Cha pili ping -t 8.8.8.8, hiyo ipo nje, ni ya Google. Cha tatu ping -t na anwani ya mtoto wa juu, nayo ipo kwenye programu. Acha viende jioni nzima, wewe endelea na mambo yako huko juu.

Ikikata, shuka uangalie nani kanyamaza. Akinyamaza 8.8.8.8 peke yake, hapo wabane watoa huduma, na uangalie kama kisanduku cha faiba kina taa nyekundu ya LOS (ya kuonyesha mwanga wa faiba haufiki). Wakinyamaza wote watatu, rauta mama imezimika au waya wa kompyuta umelegea. Akinyamaza mtoto wa juu peke yake, ugonjwa upo ndani ya nyumba yako, na zile simu tatu ulizowapigia watu uwaombe radhi. Wasiponyamaza hata mmoja na kurasa bado hazifunguki, tuje kwenye DNS (kinachogeuza majina ya tovuti kuwa anwani), lakini sidhani.

Zege Nzito
Mimi nimejenga hizo nyumba za Kinyerezi, najua. Zege lina nondo zimesukwa kama wavu. Waifai ya masafa ya GHz 5 ikifika pale inaomba poo. Hapo tatizo ni zege, funga mjadala.

BintiMakorora
Zege lilikuwepo miezi mitatu ya kwanza, na mchana pia lipo. Linachangia, sikatai, ila zege halianzi kazi saa 1 jioni.

Pwani ya Likoni
Samahani kuingilia, nami nina yangu, Mombasa Mji wa Kale. Nyumba ya babu, kuta za mawe ya matumbawe, ukuta mmoja unene wake mkono mzima. Nilinunua vipande viwili. Chumba cha nyuma hakikuwa na mtandao kabisa, nikaweka kipande cha pili humo humo. Alama zajaa tele kwenye simu, lakini ukifungua kitu chazunguka tu mpaka stima ikatike. Kwa nini?

Fundi Koleo
Bwana wa Likoni, kipande umekiweka jangwani ukakiambia kigawe maji. Simu yako inakisikia vizuri sana kwa sababu mpo chumba kimoja, ndiyo maana alama zimejaa. Lakini chenyewe hakimsikii mama. Zile alama zinaonyesha umbali wa simu hadi kipande, hazijui chochote kuhusu kipande hadi mama.

Kitoe humo. Kiweke njiani, mahali ambapo simu bado inamsikia MAMA vizuri, halafu kutoka hapo kirushe kwenda chumba cha nyuma. Ukiwa na programu ya kupima nguvu ya waifai, tafuta pahala panaposoma kati ya -55 na -65 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi) kutoka kwa mama. Ikifika -75 hapafai. Kwa hizo kuta nakushauri pa kusimama pawe mkabala na mlango. Mlango wa mbao mawimbi yanapita, jiwe la matumbawe hapana.

Mkaazi wa Bondeni
Nimerudi wakuu. Jana usiku nilifanya kama alivyoelekeza dada. Saa 2:41 imekata nikiwa juu, nikashuka mbio nusura nikanyage paka. Kidirisha cha kwanza kinajibu. Cha pili kinajibu. Cha tatu kimya. Nikakaa pale nikitazama, dakika moja na sekunde hamsini na kitu, kikaanza kujibu tena.

Saa 3:20 tena. Saa 3:47 tena. Kila mara ni yule yule wa juu, na muda ni ule ule, kasoro sekunde chache.

BintiMakorora
Muda ule ule kila mara? Vizuri sana. Mawasiliano mabovu ya hewani hayana nidhamu hiyo. Leo sekunde kumi, kesho dakika tano. Kitu kinachochukua muda ule ule kila mara ni kitu kinachoamka.

Kwenye programu, bonyeza kila kipande, tafuta sehemu inayoonyesha kimewaka kwa muda gani tangu kilipowashwa. Nitajie vyote vitatu.

Mkaazi wa Bondeni
Mama: siku 6. Koridoni: siku 6. Wa juu: dakika 14.

Dakika 14!!!

Fundi Koleo
Haya sasa. Hakikati mtandao hicho, kinazimika na kuwaka. Hizo dakika mbili ni muda wa kuamka, kujitafuta na kumpata mama.

Mkuu, kaishike adapta yake. Sasa hivi, wakati watoto wanaangalia TV.

Mkaazi wa Bondeni
Nimeishika. Sikuweza kuhesabu tano, nimeachia. Ni ya moto kama pasi iliyochomolewa sasa hivi.

Fundi Koleo
Soma imeandikwaje mgongoni, mstari wa OUTPUT. Halafu geuza kipande chenyewe, chini kuna kibandiko, soma kinataka nini.

Mkaazi wa Bondeni
Maandishi yake ni ya kuandikia mchwa. Nimepiga picha nikaikuza. Adapta: 12V 1A. Kibandiko cha kipande: 12V 2A.

Lakini wakuu, adapta hii ilikuja kwenye boksi! Au... ngoja.

Jirani Mkorofi
Tunangoja.

Mkaazi wa Bondeni
Nimetoka nyuma ya TV na buibui kichwani. Adapta yenye maandishi 12V 2A ipo, imechomekwa kwenye KING'AMUZI. Zote nyeusi, zote 12V, tundu lile lile.

Wiki tatu zilizopita mpwa wangu alihamisha kabati la TV ili apige deki. Nimemuuliza, anasema, "Mjomba mimi nilichomoa vyote nikachomeka vyote, na vyote vikawaka." Na kweli vilikuwa vimewaka.

Mzee Kandambili
Huyo kijana hana kosa. Vimewaka kweli.

Fundi Koleo
Hana kosa kabisa, na nyie mtakaokuja kusoma uzi huu mbele ya safari, someni hapa vizuri kwa sababu nakutana na hii kila mwezi.

Volti lazima zilingane. Kifaa cha 12V kinapewa 12V, mwisho. Amperi ni uwezo wa adapta kubeba mzigo, na uwezo ukizidi hakuna tatizo, kifaa kinachukua kinachohitaji tu. Ndiyo maana king'amuzi kimekaa wiki tatu na adapta kubwa bila kulalamika. Uwezo ukipungua ndiyo balaa. Kipande cha meshi kikikaa bila kazi kinakunywa kidogo, adapta ya 1A inamudu. Jioni watoto wanafungua katuni, baba yupo kwenye kikao, simu nne zinapakua, redio zote mbili ndani ya kipande zinarusha kwa nguvu. Mahitaji yanapanda, adapta inaelemewa, volti zinaporomoka, kipande kinazimia. Kikizimia mzigo unaondoka, adapta inapumua, kipande kinaamka. Zunguko linaanza upya.

Mchana huoni kitu kwa sababu juu hakuna mtu.

Na hiyo ndogo angalia isije ikawa imeshachoka, imeungua wiki tatu. Irudishe kwenye king'amuzi lakini kaishike kesho tena.

Waya Uchi
Nami naomba radhi kwa waifai 7.

Mkaazi wa Bondeni
Nimebadilisha. Kila adapta nimeifunga plasta nikaandika kwa kalamu. Narudi baada ya siku kadhaa.

Pwani ya Likoni
Nimekitoa kipande jangwani nikakiweka ukumbini mkabala na mlango. Yaenda! Chumba cha nyuma alama zimepungua lakini mambo yafunguka. Ajabu ya Mungu.

Ila kuna la pili. Printa ipo nyumbani hapa hapa, simu ya mke wangu yaiona, yangu haiioni. Kesho yake yangu yaiona, yake haiioni. Jina la waifai ni moja tu.

BintiMakorora
Jina ni moja, je mitandao ni mingapi? Ile rauta uliyopewa na mtoa huduma, bado inarusha waifai? Na meshi uliipa jina na nywila zile zile ili usisumbuke kuunganisha simu upya?

Pwani ya Likoni
Dada umekuwa mganga sasa. Ndivyo hasa nilivyofanya.

BintiMakorora
Basi nyumbani kwako kuna falme mbili zenye bendera moja. Rauta ya mtoa huduma inagawa anwani zake, meshi nayo inagawa zake, na simu inajiunga na yeyote iliyomsikia kwanza. Mkiangukia pande tofauti hamuonani, wala printa haionekani, ingawa wote mna intaneti.

Ingia kwenye rauta ya mtoa huduma, zima waifai yake, ibaki inapitisha intaneti tu. Halafu chagua mmoja awe mgawaji wa anwani: ama uiweke meshi iwe kama swichi ya kurushia tu (kwenye mipangilio inaitwa AP), ama umwombe mtoa huduma aigeuze rauta yake iwe daraja. Ukiona kazi, anza na hilo la kuzima waifai yake, litakutosha kwa printa.

Mkaazi wa Bondeni
Siku ya tano leo. Niliwaza nije hapa niandike "imepona", nikasema nisubiri. Heri nilivyosubiri.

Kuanzia Jumatatu mpaka Alhamisi haikukata hata mara moja. Adapta ya vuguvugu tu. Leo Ijumaa saa 8 mchana, MCHANA, imekata nyumba nzima. Hata mama watoto chini. Si dakika mbili. Nimeangalia saa: dakika kumi na ushee.

Nimeangalia vipande vyote, hakuna aliyezimika tangu nilipobadilisha adapta. Kompyuta ya kwenye waya inapata intaneti kama kawaida. Simu ya zamani ya mpwa wangu nayo ilikuwa inapata chini, ya kwangu hapana.

Nimechoka jamani.

Fundi Koleo
Usichoke, huu ni ugonjwa mwingine. Mgonjwa aliyepona malaria anaweza kuumwa meno.

Simu ya mpwa ni ya zamani kiasi gani? Nahisi inapokea masafa ya GHz 2.4 tu, ya 5 haina.

BintiMakorora
Naanza kucheka. Kaka, dakika kumi na ushee? Una hakika?

Nenda kwenye rauta mama, ile sehemu ya kumbukumbu za mfumo, utafute saa 8 ya leo. Angalia kama kuna neno radar.

Mkaazi wa Bondeni
Dada wewe ni nani??

Lipo. Saa 8:06 mchana, rada imeonekana chaneli 52. Halafu mstari unaofuata inahamia chaneli 100. Halafu kimya, hadi saa 8:17.

Kwa nini rauta yangu inatafuta rada? Mimi nina ugomvi na nani?

Zege Nzito
Ni ndege hizo, Kinyerezi hapo uwanja wa ndege si mbali. Zikiinama kutua zinapiga rada yao ya puani.

BintiMakorora
Ndege hapana. Rada ya hali ya hewa ya puani kwa ndege kwa kawaida ipo kwenye GHz 9 na kitu, mbali kabisa na huku. Ngoja nieleze.

Waifai ya GHz 5 haikupewa uwanja mtupu. Chaneli za 36 hadi 48 ni huru. Za 52 hadi 64, na za 100 hadi 144, kuna wenyewe, zikiwemo rada za ardhini za hali ya hewa. Waifai imekaribishwa humo kwa sharti: ukisikia rada, hama ndani ya sekunde 10, usirudi hapo kwa dakika 30. Na kabla hujaanza kurusha kwenye chaneli mpya ya aina hiyo, kaa kimya dakika nzima usikilize kama kuna mwenyewe. Sharti hilo linaitwa DFS. Kwa vifaa vilivyowekwa kanuni za Ulaya, chaneli za 120 hadi 128 kimya chake si dakika moja, ni dakika KUMI, kwa sababu ndiko zilikojaa rada za kupima mvua.

Kwa hiyo saa 8:06 rauta yako ilisikia kitu ikakiita rada. Inawezekana ni rada kweli, inawezekana ni kelele tu, vifaa hivi husingizia pia. Ikakimbilia 100. Huko ikakaa kimya dakika kumi. Muda wote huo GHz 5 haipo nyumbani kwako. Simu ya mpwa ipo GHz 2.4, haikuona kitu. Ya kwako inang'ang'ania 5. Na vipande vingine vinavyoongea na mama kwa 5 vikabaki yatima.

Lakini kuna jambo halijakaa sawa. Imehamia 100, siyo 120. Kwa nini ingoje dakika kumi? Sababu ninayoijua ni moja: upana. Kaka, uliwasha 160?

Mkaazi wa Bondeni
...

Kuna video niliangalia YouTube. Jamaa alisema ukiwasha 160 MHz kasi inapanda maradufu. Niliwasha ile siku nilipofuta mipangilio nikaanza upya. Kuipima ilipanda kweli, nikafurahi.

BintiMakorora
Kasi ilipanda kweli, hakukudanganya. Ila chaneli ya kawaida ni upana wa 20. Ya 80 inachukua nne, ya 160 inachukua nane. Ukianza 36 na upana wa 160 umetandaza mkeka kutoka 36 mpaka 64, nusu ya mkeka ipo kwa watu. Ukianza 100 unafika 128, umeingia kule kwa dakika kumi. Kwenye chaneli hizi mbili, huwezi kutandaza 160 bila kukanyaga eneo la rada.

Rudisha 80. Kama rauta yako inakuruhusu kuchagua, iweke 36 ibaki hapo hapo. Kama haikuruhusu, zima tu 160, halafu angalia imejichagulia wapi. Ikiwa kati ya 36 na 48, umemaliza.

Fundi Koleo
Dada, mimi hapo kwenye 160 nimejifunza. Nilikuwa nazima DFS ya wateja kwa mazoea tu bila kujua hesabu ya mikeka.

Mkuu, ukishatulia, vuta waya kutoka kwa mama hadi kwa huyo wa juu. Kati ya vitu vyote vilivyotajwa humu, hicho ndicho kitakachoondoa lawama ya zege. Hewani kipande kinapokea na kutuma kwa redio ile ile, kasi inagawanyika njiani. Kwa waya redio yote inabaki ya simu zenu.

Ila angalia waya unaouziwa. Kwangua kwa kisu ncha ya uzi mmoja. Ukiwa mwekundu mpaka ndani ni shaba. Ukiwa mweupe ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba, ukiukunja mara mbili tatu kwenye kona unakatikia ndani ya ganda na hutajua. Na kama upo pwani pwani, vichwa vyake visikae nje, chumvi inavitia kutu ya kijani.

Mkaazi wa Bondeni
Wiki mbili na nusu, wakuu. Nimesubiri makusudi.

160 nilizima siku ile ile. Rauta imejiweka 36 na haijahama. Kumbukumbu za mfumo hazina neno rada tena.

Waya nimevuta, mita 18, umepita nje ndani ya bomba, ukaingilia dirisha la juu. Fundi wa mtaani aliufunga vichwa. Mwanzo kasi juu ilikuwa imekwama kwenye Mbps 94, haipandi hata ufanyeje. Nikaingia kwenye programu nikakuta bandari ya juu inasoma 100 badala ya 1000. Nilitaka kuja kuuliza hapa, nikakumbuka kuwa nimefundishwa. Nikatoa kichwa kimoja nikakitazama kwenye mwanga: uzi wa kahawia haujafika mwisho, umeishia kabla ya meno. Nikamwita fundi akarudia. Sasa inasoma 1000.

Wateja wa Kigali wameniuliza kama nimehama nyumba.

Fundi Koleo
100 inahitaji jozi mbili tu za nyuzi, 1000 inahitaji zote nne. Ukiona 94 haisogei, ni kichwa. Safi sana mkuu.

Pwani ya Likoni
Printa sote twaiona. Mke wangu asema ahsanteni, nami nasema ahsanteni zaidi kwa kuwa ni mimi niliyekuwa nalaumiwa.

Jirani Mkorofi
Nimefurahi mambo yametengamaa. Naomba nywila.

Kijukuu cha Ilboru
Habari wakuu, nimeukuta uzi huu leo. Mimi meshi yangu adapta imekufa kabisa, kibandiko kinasema 12V 2A. Nyumbani ninayo adapta ya kompyuta mpakato, 19V na amperi 3. Kwa kuwa mmesema amperi zikizidi hakuna shida, na tundu linaingia vizuri, nichomeke?

Fundi Koleo
USICHOMEKE. Nimesema AMPERI zikizidi. Volti lazima zilingane. Kanunue ya 12V, hazipo adimu.

Kijukuu cha Ilboru
Mkuu umechelewa kidogo. Kuna harufu.